Aiskrimu ya Gugu-Chungu

Jumamosi, 13 Juni 1953

Siku njema sana. Nimepata mpango.

Kwanza habari mbaya, niimalize. Vernell, binti yangu, anafika Jumatatu kutoka Los Angeles. Anakuja kwa ajili ya Kumi na Tisa, sikukuu ya siku ile babu zetu wa Texas walipoletewa habari kwamba wako huru. Hivyo ndivyo alivyoniambia mimi. Dada Ottie Mae wa kanisani ameambiwa mengine, na leo hakuweza kuyashika. Eti Vernell amenitengea chumba huko kwake. Eti kimeshapakwa rangi. Anakuja kunichukua. Ng'ombe atauzwa, nyumba itafungwa, nami nitakaa kwenye kiti barazani nikitazama magari.

Mimi! Ulysses Tolliver! Nikaishi mahali ambapo maziwa yanaachwa mlangoni kwenye chupa, na hakuna anayemjua ng'ombe aliyeyatoa! Ardhi hii aliinunua babu yangu aliyezaliwa mtumwa. Marehemu mke wangu Idella amelala nyuma ya kanisa. Siendi.

Vernell anaona nimechoka, siwezi tena kujitunza. Ushahidi wake ni paa la banda, ambalo nililitengeneza mwenyewe na likaanguka kwa sababu zake lenyewe. Basi lazima nimwonyeshe baba yake ni mtu wa namna gani. Nitashinda shindano la aiskrimu.

Shindano hili lipo kila Kumi na Tisa. Kila mwenye ng'ombe hapa Gaines Prairie huja na ndoo yake ya kuzungusha kwa mkono, barafu na chumvi ya mawe. Na kila mwaka anashinda Roscoe Pettigrew, jirani yangu wa mashariki. Si kwamba ana kipaji. Ana malisho safi, basi. Yangu yamejaa gugu-chungu. Jua likishakaza, nyasi zikishakufa, lenyewe ndipo linaposimama kwenye mchanga mkavu, majani membamba kama nyuzi, maua ya njano kutoka barabarani mpaka chini ya mialoni. Ng'ombe mwenye njaa hulila. Akilila, maziwa hayanyweki. Ndiyo maana kila mtu hufungia ng'ombe zizini siku kadhaa kabla ya sikukuu na kumlisha nyasi kavu. Kila mtu isipokuwa Pettigrew. Yeye magugu yake huyang'oa kwa mkono mmoja mmoja, kama mtu anayechambua mchele.

Leo aliegemea seng'enge akaniuliza, "Ndugu Tolliver, haya maua umepanda kwa ajili ya harusi au msiba?"

Jibu nililipata baada ya chakula cha jioni. Jibu kali mno. Nimelihifadhi.

Lakini swali lake ndilo lililoniamsha. Kwa nini uchungu uwe wangu peke yangu? Ng'ombe wake Pearl akila gugu-chungu mkesha wa sikukuu, Pettigrew kwisha kazi. Naona ajabu kwamba sikulifikiria hili miaka yote. Nadhani ni wema wangu.

Jumatatu, 15 Juni

Vernell kafika. Amenenepa kidogo, ana kofia, ni mzuri kama mama yake. Nilifurahi mpaka nikasahau kuwa ni adui.

Hakuchelewa kunikumbusha. Alikagua jiko, alikagua banda, aliangalia mahali palipokuwa paa. Akasema basi lilipoingia Texas dereva alimhamishia viti vya nyuma, vya watu weusi, na haelewi kwa nini mtu mwenye pa kwenda anang'ang'ania kuzikwa huku. Nikamwambia sitaki kuzikwa, nataka kushinda.

Akacheka. Akauliza kushinda nini. Nikamwambia. Akacheka zaidi, mpaka akavua kofia.

Hapo ndipo nilipomkamata! Nikasema kama baba yake ni mzee wa kuchekwa, basi tuwekeane dau. Nikishinda Ijumaa, nabaki. Nikishindwa, Jumapili napanda naye basi na sisemi neno. Vernell aliacha kucheka. Akaniuliza kama nina hakika, maana yeye ameshapaka rangi kile chumba na atalishikilia neno langu. Tukapeana mikono. Ana mkono mgumu, wa Kitolliver kabisa.

Adhuhuri, Pettigrew akiwa ndani anakula, nikakata fungu kubwa la gugu-chungu nikamrushia Pearl juu ya seng'enge. Pearl alilinusa. Kisha akaniangalia kwa muda mrefu, vile Mchungaji Haskins anavyomwangalia mtu anayesinzia kwenye mahubiri. Kisha akala kofia yangu.

Jioni Pettigrew alinirudishia ukingo wa kofia. Alitaka kujua ilifikaje kwake. Nikamwambia ni upepo. Akatazama juu, akatazama miti, hakuna jani lililokuwa linatikisika. Akasema, "Upepo wa kwako peke yako, basi."

Hata hivyo hashuku kitu. Siku imeenda vizuri.

Jumanne, 16 Juni

Tatizo la jana lilikuwa mapishi. Leo nilichovya gugu-chungu kwenye molasi, fungu zima, likawa linang'aa. Hata mimi nililitamani. Pearl alilamba molasi yote, taratibu, jani kwa jani, akaniachia gugu likiwa safi kuliko nilivyolikata. Ng'ombe ana ulimi wa fundi!

Vernell alinikuta njiani kurudi, nina molasi mpaka kwenye viwiko na nyuki wananifuata. Aliuliza naendeleaje. Nikasema vizuri sana. Aliingia ndani, nikasikia akimwambia Dada Ottie Mae kwamba chumba kile kina dirisha kubwa na nitapata hewa.

Nimekaa kibarazani nikabwia ugoro nikafikiri. Ng'ombe mwenye nyasi nzuri hawezi kula gugu-chungu. Kwa nini ale? Hulila anayekosa kingine. Kwa hiyo si gugu linalopaswa kumfuata Pearl. Pearl ndiye anayepaswa kulifuata gugu. Awekwe kwenye malisho yangu! Na Sheba wangu, badala ya kusimama zizini akitafuna nyasi kavu za mwaka jana, awekwe kwenye malisho ya Pettigrew, anenepe kwa mali ya jirani!

Nilisimama nikajipongeza. Sikuona aibu. Hakukuwa na mwingine wa kunipongeza.

Jumatano, 17 Juni

USHINDI. Naandika kwa herufi kubwa kwa kuwa ni halali yake.

Wanaume wote walienda kanisani kuchimba shimo la kuchomea nyama, na Pettigrew ndiye msimamizi, maana hakuna shimo linaloweza kuchimbwa bila yeye kulipangia. Mimi nilisema mgongo unauma. Walipoondoka nikafungua seng'enge, nikaacha pengo la kupita ng'ombe, nikawabadilisha. Pearl kwangu, katikati ya manjano yote. Sheba kwake.

Hawa ng'ombe ni ndugu, mama yao mmoja, rangi moja, pembe zile zile. Tofauti ni kwamba Pearl ana kengele shingoni na Sheba ana mateke. Hapo ndipo akili yangu iliponishangaza mwenyewe. Nilivua kengele ya Pearl nikamvisha Sheba! Pettigrew akirudi jioni amechoka atasikia kengele kwake, ataona ng'ombe wa kahawia, atakamua, atalala. Mtu mwenye majivuno hamwangalii ng'ombe usoni.

Na ndivyo ilivyokuwa. Nilimsikia akikamua. Nilisikia ndoo ikipinduka, na Pettigrew akisema maneno ambayo shemasi kama yeye hapaswi kuyajua. Baadaye alikuja kwenye seng'enge akichechemea. Akasema Pearl leo ameingiwa na kitu, amempiga teke mara mbili. Nikamwambia huenda ni umri. Alinitazama, akasema, "Wa ng'ombe au wangu?" Nikasema sitaki kubagua.

Jibu hilo nililipata papo hapo. Haijawahi kutokea.

Mimi nilimkamua Pearl. Alitulia kama benchi. Maziwa nikampa nguruwe, ambaye alionja akaenda kusimama upande wa pili. Machungu vizuri sana! Kesho adhuhuri kila ng'ombe atarudi kwao, Pearl akiwa amejaa uchungu mpaka kwenye kiwele, na jioni Pettigrew atakamua maziwa ya sikukuu. Maskini.

Alhamisi, 18 Juni

Mbingu ziko upande wangu.

Asubuhi Vernell alinipeleka mjini kununua barafu, kwa lori la shemeji yake Ottie Mae. Foleni ndefu, jua kali, tukasubiri mpaka weupe wote wamalize. Nilimwona Vernell anavyosaga meno. Tulivyokuwa tunarudi akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, sitaki kukushinda. Nataka tu nisiwe naamka usiku nakuwaza." Nikamwambia barafu inayeyuka.

Tulifika mchana umeshapita, kichwa kinaniuma kwa jua. Nikakimbilia kubadilisha ng'ombe kabla Pettigrew hajarudi kutoka shimoni kanisani. Nikafika kwenye pengo nikasimama nikitega sikio. Kengele inalia kule kwa Pettigrew. Nikaangalia kwangu: ng'ombe asiye na kengele, anatafuna. Pearl amerudi kwao mwenyewe! Na Sheba amerudi kwetu! Wamepitia pengo, kila mmoja akaenda nyumbani kwake, bila kuambiwa. Sijawahi kuona wanyama wenye akili hivyo. Nilifunga seng'enge nikashukuru Mungu kwa sauti.

Jioni nilimkamua Sheba. Ule wema wa malisho safi! Hakunipiga teke hata moja. Alitulia mpaka nikamsifu. Nadhani kukaa kwa watu kumemfunza adabu.

Nimepika maziwa na mayai na sukari na vanila usiku wa leo, kwa mkono wangu, Vernell akiangalia. Alitaka kuonja nikamkatalia, si mpaka kesho. Mimi nilionja. Safi kabisa. Ni kweli kwamba tangu nianze kubwia ugoro ulimi wangu hausumbuliwi na mambo madogo madogo, lakini utamu mkubwa kama huu hata mimi nauhisi.

Pettigrew naye alikuwa anapika. Nilimsikia anaimba. Aimbe.

Ijumaa, 19 Juni, Kumi na Tisa

Nitaandika yote.

Watu walijaa uwanja wa kanisa. Nyama ilikuwa inatoka shimoni, soda nyekundu ziko kwenye mabeseni, wazee wamevaa suti na jua lile. Mchungaji Haskins alisoma tangazo la uhuru, kama kila mwaka, na kama kila mwaka Dada Ottie Mae alilia palepale anapolia siku zote. Kisha ndoo zikapangwa chini ya mialoni.

Kwetu waamuzi ni waliosafiri. Wenyeji hatuaminiki, maana kila mmoja ni binamu wa mtu au amegombana naye. Waliorudi nyumbani kutoka mbali ndio wanaoonja, na kila mmoja husimika kijiko chake kwenye barafu ya ndoo aliyoipenda. Mwaka huu walikuwa wengi, wa Los Angeles, wa Oakland, wa Chicago. Vernell ni mmoja wao. Alisema hatapiga kura, kwa sababu ya dau letu, lakini ataonja.

Mchungaji alionja yangu kwanza, kwa heshima ya umri wangu. Alifumba macho. Nikaona ameguswa. Kisha akaenda nyuma ya mti kwa haraka, na nikaona ameguswa zaidi. Dada Ottie Mae alionja akaomba soda. Akamaliza akaomba nyingine. Pettigrew alionja, akaimeza, akaniwekea mkono begani. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa zawadi.

Hapo ndipo Vernell alipochukua kijiko.

Alionja. Akabaki nacho mdomoni. Akasema, si kwa nguvu, lakini watu wote walisikia, "Baba. Hili ni gugu-chungu."

Nilitazama kule kwa Pettigrew, kwenye mti alikomfunga ng'ombe wake ili watu wa mjini wampige picha. Mtu mmoja wa Chicago alikuwa anapigwa teke. Nikakumbuka kengele niliivisha nani.

Niliona basi. Niliona chumba, na dirisha, na chupa mlangoni. Nikaanza kusema kwamba nitafunga vitu vyangu.

Vernell hakunisikia. Alikuwa amechota tena. Akachota tena. Machozi yanamtoka na anakula. Akaniambia, "Mama alikuwa anatunywesha maziwa haya kila kiangazi. Tukikataa anasema kunyweni, ndiyo tuliyo nayo. Mimi nilidhani nimeisahau ladha hii." Akageuka akawaita wale wa Los Angeles kwa majina yao ya utotoni. "Njooni. Njooni muonje, hamtaamini."

Wakaja. Mzee mmoja anayefanya kazi kwenye meli huko Oakland alionja, akakunja uso kama mtoto aliyepewa dawa, akaanza kucheka. Akasema mama yake alikuwa anawabana pua. Mwingine akasema kwao walikuwa wanaongeza chumvi. Mwanamke mmoja mnene wa Chicago alikaa kwenye nyasi na bakuli lake, akawa anasema huku analia kwamba ni mbaya, ni mbaya vilevile, hajawahi kuipata popote. Walipanga foleni! Wakarudi mara ya pili! Wanatema, wanacheka, wanachota tena, wanaitana, kila mmoja na hadithi ya ng'ombe wa kwao. Aiskrimu ya Pettigrew ilikuwa laini, nyeupe, tamu kama ya dukani. Watu waliisifu kwa adabu wakarudi kwangu.

Vijiko vilisimama kwenye barafu yangu mpaka barafu haikuonekana. Kwake vilikuwa vichache, na kimoja nadhani kilianguka tu.

NIMESHINDA. Naandika kwa herufi kubwa tena. Mchungaji alitangaza akiwa na soda mkononi. Vernell alinikumbatia mbele ya watu wote, akaniambia kwenye sikio, "Haya, baki. Nani atatupikia ubaya huu ukiondoka?" Nililia. Siogopi kuandika hivyo. Nililia kama Dada Ottie Mae.

Jioni Pettigrew alikuja na Sheba kwenye kamba. Akaomba ng'ombe wake. Hakuuliza mengi, nami sikueleza mengi. Ila nilimwonyesha jambo ambalo naona lilimpita. Yake ilitengenezwa kwa maziwa ya Sheba, na Sheba ni wangu. Kwa hiyo hata mshindi wa pili ni mimi.

Jumapili, 21 Juni

Vernell ameondoka na basi la mchana. Kabla ya kupanda aliniambia mambo mawili. La kwanza, dau liendelee: Kumi na Tisa ijayo atakuja tena, nikishindwa naondoka naye, bila maneno. Nikampa mkono kabla hajamaliza. La pili, alinishika shati akasema, "Baba, yale malisho usiyaguse. Yaache vilevile." Nikasema sawa. Alikuwa na huzuni ya safari, si vizuri kumbishia mtu mwenye huzuni.

Lakini nimekaa nimefikiri. Hebu fikiri na wewe. Ikiwa aiskrimu chungu, inayomkimbiza mchungaji nyuma ya mti, imeshinda namna ile, basi tamu itashindaje? Hawataweza hata kusimama! Kilichonirudisha nyuma miaka yote ni yale magugu tu. Mkono ninao. Vanila ninayo. Ninachokosa ni malisho safi.

Na angalia mambo yanavyojipanga kwa mtu mwenye akili. Sijamaliza kufikiri, Pettigrew huyo kwenye seng'enge, kofia mkononi, mpole ajabu. Akasema amechoka na malisho yake. Akasema amekuwa akiyatamani yangu, kwa ajili ya kivuli cha mialoni. Akauliza kama naweza kukubali tubadilishane, yake yangu na yangu yake, mpaka baada ya Kumi na Tisa ijayo. Nilijifanya kusitasita. Nikakuna kidevu. Nikasema mialoni ile ni ya babu yangu, itaniuma. Akaniongezea nyasi kavu za kipupwe chote. Nikakubali kabla hajarudiwa na fahamu. Tulipeana mikono, na Mchungaji Haskins, aliyekuwa anapita, akawa shahidi.

Malisho safi ya Pettigrew! Bila kutoa chochote ila magugu! Vernell ataona.

Jua linazama sasa na namwona kutoka hapa kibarazani, yuko kwenye malisho yangu ya zamani, amepiga magoti, anang'oa. Bure kabisa. Hata kung'oa magugu amesahau. Anang'oa nyasi zote nzuri na kuacha maua ya njano. Nilimpungia mkono, nikamwacha aendelee.